Krismasi ya Tarehe Ishirini na Moja

8 Novemba, Jumamosi

Katika Wamagana yote hakuna mtu anayechinja mbuzi wa Krismasi mkubwa kuliko wangu. Hilo liandikwe kwanza.

Sasa nimeliandika, naona halitasimama. Mwaka juzi nilichinja jogoo. Jogoo mwenyewe alikuwa wa mke wangu, na alikuwa amezeeka hivi kwamba watu walitoka kanisani, wakaoga, wakabadilisha nguo, na bado anachemka. Mburu, jirani yangu, aliuliza kama tunapika kiatu. Lakini mwaka huu niko na mbuzi, Askofu. Nimempa jina hilo kwa sababu ya ndevu, na kwa vile anavyotazama watu kana kwamba wote wametenda dhambi na yeye ameambiwa. Namlisha majani ya viazi vitamu, na akiendelea hivi Mburu atafunga mdomo.

Askofu ni wa Lennox na Jackie, watoto wa mwanangu Ben. Kila mwaka wanafika hapa tarehe ishirini na tatu na kukaa mpaka mwaka mpya. Lennox ana miaka sita, na jina lake la pili ni Ngatia, kwa hivyo yeye ni mimi. Jackie ana minne, na yeye ni Wangui, kwa hivyo ni mke wangu. Asubuhi huwa namwambia anipikie chai, na yeye ananiambia nikalete maziwa kwanza. Ni mke mkali kuliko yule wa kwanza.

Naandika Kiswahili kwa sababu ya hao wawili, wakikua wasome. Gikuyu hawajui, ila guka, ambaye ni mimi babu yao, na cucu, nyanya yao; Kiluhya cha mama yao wanajua kidogo, na nyumbani kwao Chaka baba na mama walikutana kwa Kiswahili. Mimi niliishia darasa la tano. Wakiona makosa wacheke.

Ben alikuwa akibeba mizigo ya watalii mlimani, upande wa Naro Moru. Mwezi wa pili mwaka huu wenzake walimteremsha akiwa na maji kwenye mapafu, na hakufika hospitali. Tulimzika hapa, kule chini kwenye shamba la majani chai. Hayo yametosha.

11 Novemba

Mvua. Askofu amekula soksi.

15 Novemba, Jumamosi

Walikuja leo kupalilia kaburi, watoto na mama yao. Mama yao anaitwa Nasirumbi, lakini mimi namwita Mwalimu, kwa sababu anafundisha shule ya msingi huko Chaka na kwa sababu jina lake linanichosha ulimi. Ni mtu wa Bungoma. Alishika jembe mwenyewe, akapalilia mpaka pembeni, akapanda maua fulani ya njano. Matope mpaka magotini.

Lennox alienda moja kwa moja kwa Askofu, akamzunguka kama mnunuzi.

"Guka, huyu ako na mimba?"

"Huyo ni ndume."

"Sasa hiyo tumbo ni ya nini?"

"Ni ya Krismasi. Iko ndani, inangoja."

"Na ile ya Mburu?"

Mburu alikuwa amesimama hapo hapo. Huyo mtoto ni mimi kabisa.

Saa ya chakula mke wangu alileta mukimo wa viazi na mahindi mezani. Tukakaa mimi, Mburu na watoto. Mwalimu akachukua sahani yake akaenda jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, mgongo kwenye mlango. Ndivyo anavyofanya tangu Ben amlete hapa, miaka minane sasa. Mkono hanipi. Akinisalimia anainama kidogo akitazama miguu yangu, kama mtu aliyeangusha sindano. Mara nyingi nilimwambia Ben, bibi yako amesoma mpaka anaona sisi tunanuka moshi, halafu anaenda kukaa kwenye moshi wenyewe. Ben alikuwa akisema, "Ni heshima, mzee." Nikajua anamfunika bibi yake, kwa sababu hata mimi nimemfunika wangu.

Leo nikaona nimchokoze. Nikapaza sauti ifike jikoni.

"Mwalimu, nisikie. Krismasi hii, kama utakula tena huko na kuku, usije. Niletee hawa wangu wawili, na wewe uende ukakule huko kwenu."

Mburu alicheka mpaka mukimo ukamtokea puani. Watoto wakacheka kwa sababu ya pua ya Mburu. Kutoka jikoni nikasikia, "Sawa, baba."

Nimeuandika kwa sababu ulikuwa utani mzuri. Mburu alienda kwake akiurudia njiani.

16 Novemba

Nimesimulia ule utani nje ya kanisa. Umepokelewa vizuri kuliko mahubiri.

20 Novemba

Mvua kutwa nzima. Chai haikuchumwa. Mke wangu anafuma sweta mbili nyekundu za watoto, za Krismasi. Anapima kwa kukumbuka. Nimemwambia mikono ya ile ya Lennox inamtosha Mburu. Ameniambia nikalishe Askofu.

26 Novemba

Nimempigia Mwalimu kuuliza watafika saa ngapi ile tarehe ishirini na tatu, nikawangoje barabarani. "Tutaangalia, baba."

30 Novemba

Nimepiga tena. "Tutaangalia, baba." Nikauliza anaangalia nini, kwani tarehe imehama? Akasema mvua imeanza kwao, akakata.

1 Desemba

Askofu hapiti tena kwenye ule mlango mdogo. Nimepanua.

4 Desemba

Leo simu ilishikwa na Lennox. Nikamwuliza anataka nini Krismasi. Akasema anataka mguu wote wa Askofu, yeye peke yake, na Jackie apewe kichwa kwa sababu ana kelele.

"Mama yako ako wapi?"

"Anaweka vyombo kwa katoni."

"Katoni ya nini?"

"Ya kuenda kwa kukhu."

Kukhu ni nyanya, huko kwao. Nikasema pengine anapeleka zawadi. Mke wangu alisikia, akafumua mistari mitatu ya sweta ambayo haikuwa na makosa.

7 Desemba, Jumapili

Leo Mwalimu amepiga simu yangu. Hajawahi. Akiwa na neno hupiga ya mke wangu, na mke wangu ananiletea neno hilo likiwa limepoa. Kuona jina lake hapo nilisafisha koo kama ninayeenda kwa chifu.

"Baba, shikamoo. Nilitaka ulisikie kwangu. Nimepata uhamisho. Januari naanza shule ya karibu na kwetu, Bungoma. Tunasafiri kabla ya Krismasi."

Nikasema, "Na Krismasi?"

Akasema polepole, kama anayesomea watoto imla, "Baba, ulisema nisije. Ulisema niende nikale kwetu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza.

"Mwalimu, huo ulikuwa utani."

"Ndiyo, baba."

"Si hata Mburu alicheka."

"Nilimsikia, baba."

Nikasema la kijinga. "Basi niletee watoto, wewe uende. Si ndivyo nilivyosema."

"Watoto siwezi kuwaacha, baba. Ndio niko nao tu."

Alipokata nilibaki na simu sikioni. Mke wangu alikuwa ameketi na uzi wake mapajani. Hakuinua kichwa.

"Kwao mke wa mtoto hakuli meza moja na baba ya bwana yake," akasema. "Hata mkono hampi. Mkikutana njiani, yeye anatoka njiani. Aliniambia ule mwaka wa kwanza, tukiosha sufuria."

"Na hukuniambia?"

"Ben alikuambia."

"Wewe ndio ungeniambia."

"Ningekuambia ungemfuata na sahani kote kwa boma uone atakimbilia wapi."

Hilo ni kweli. Ningefanya hivyo, na ningemwita Mburu aje aone.

Akaendelea kufuma. "Na kwao baba mkwe hafanyi mchezo na mke wa mtoto wake. Akisema kitu, kimesemwa. Wewe ulikaa kwa meza yako, mbele ya jirani, bwana yake akiwa hapo chini kwa chai, ukamwambia mjane asije. Yeye angejuaje kwamba ulikuwa unacheza?"

Nikatoka nje. Nikasimama na Askofu. Miaka minane mtu ananiheshimu kwa njia anayoijua, na mimi nahesabu dharau. Miaka minane anakula moshi kwa ajili yangu.

8 Desemba

Mvua. Sijapiga simu.

9 Desemba

Mvua. Sijapiga. Mburu amekuja akarudia ule utani. Nimemwambia umezeeka.

13 Desemba, Jumamosi

Nimeenda Chaka. Nilivaa suti niliyovaa kwenye mazishi, kwa sababu ni moja tu, na nikabeba maziwa, ndizi na kuku hai aliyeninyea njia yote. Tangu Wamagana nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa nayo matatu: Mwalimu, nisamehe, nilikosea. Mtu yeyote anaweza kuyasema hata akiwa hana meno.

Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani kutazama katuni. Mwalimu alileta kiti akakiweka nje, chini ya paa, nikae. Yeye akasimama kule kwenye tangi la maji, akitazama ua. Zamani ningesema ananionyesha mgongo. Leo nilimshukuru, kwa sababu na mimi sikutaka nionekane uso.

Nikafungua mdomo kusema yale matatu, nikasikia mdomo unasema, "Mwalimu, hii kiti ni ya wageni ama ya wale wamefeli?"

Huu mdomo ningeweza kuuza ningeuza.

Akasema, "Ni ya kukaa, baba."

Yule kuku akasema kidogo. Halafu nikasema tena, na sasa yakatoka, ingawa si kwa mpangilio. Nikasema nilikosea, nikasema sikujua, nikasema Ben aliniambia na sikumsikia. Nikasema kwetu mtu akikuchokoza maana yake amekuhesabu kuwa wake, na asiyechokozwa ndiye mgeni. Sijui kama ilimfikia. Alikuwa anakwangua kutu kwenye bomba kwa kidole.

"Baba," akasema, "nisikudanganye. Si hilo neno peke yake. Uhamisho niliuomba mwezi wa tano. Mwezi wa saba Jackie alishikwa na homa, nikamwachia mtu nisiyemjua vizuri nikaenda darasani. Huko niko na mama yangu."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mko mbali, na mnazeeka."

Kweli. Hata hapo nilipokuwa nimekaa nilikuwa nazeeka.

"Halafu ni huu mlima," akasema. "Hapa unaonekana vizuri sana. Asubuhi ukiwa wazi, Lennox anasimama hapo kwa ua, ananiuliza baba alikuwa amefika upande gani. Anataka nimwonyeshe kwa kidole. Kila asubuhi ikiwa wazi. Mimi siku hizi naomba mawingu, baba. Mtu gani anaomba mawingu?"

Sikuwa na utani wa kuweka hapo. Niliutafuta, sikuupata.

Baadaye nikauliza lile lililonileta. "Na Krismasi ulikuwa umepanga nini, kabla sijafungua mdomo?"

"Nilikuwa nimepanga tuje kwenu kama kawaida. Tungesafiri baada ya mwaka mpya."

Basi hiyo ndiyo bei. Kuondoka wangeondoka, lakini ile wiki ilikuwa yangu, ilikuwa imeshawekwa, na niliitoa mwenyewe ili Mburu apaliwe na mukimo.

Nikamwambia abadilishe. Akasema haiwezekani, ndugu yake Maxwel ameshaomba pikapu ya mtu, atapakia vitu na kuwachukua tarehe ishirini na mbili, na huko kwao wameshaambiwa.

"Basi niletee tarehe ishirini na moja."

"Ya nini, baba?"

"Ya Krismasi. Nitaihamisha."

"Krismasi inahamishwa?"

"Kama mwalimu anahamishwa."

Akageuka haraka akaziba mdomo kwa mkono, lakini niliona mashavu. Akasema watakuja.

14 Desemba

Nimewaambia Mburu na watu wa hapa karibu kwamba tarehe ishirini na moja ni Krismasi, na atakayetaja tarehe nyingine mbele ya Lennox hatakula. Mburu akasema mtoto wa siku hizi anasoma kalenda. Nimeitoa kalenda ukutani.

18 Desemba

Mvua imekatika. Mke wangu amemaliza sweta. Mikono bado ni ya Mburu.

21 Desemba, Jumapili

Niandike polepole leo, nisiruke kitu.

Walifika asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Jackie alikuwa na viatu vipya vinavyowaka taa ukikanyaga, akakanyaga kila kitu. Lennox aliangalia nyumba, akaangalia jikoni, akaniangalia mimi.

"Guka, leo ni Krismasi ya kweli?"

"Kwani unaona nini?"

"Mwalimu wa Sunday school alisema ni tarehe ishirini na tano."

"Hiyo ni ya watu wa chini. Sisi wa huku juu tunaipata mapema, ikiwa bado moto."

Akafikiria. Akakubali, lakini nusu.

Askofu alimaliza utumishi wake kabla ya jua kuwa kali. Hakutoa hotuba. Mburu alikuja kushika miguu, macho pembeni, na hata yeye, nikiuandika ukweli, alisema hajaona mbuzi kama huyu kwa boma yangu. Nilingoja maneno hayo mwezi mzima, na yalipokuja niliyasikia kama mtu anayeongea nje ya dirisha.

Huku kwetu figo ni za watoto. Mzee akichoma, anazitoa kwanza, anawapa wakiwa wamesimama karibu na moto. Nikampa Jackie yake, akaila akikanyaga taa. Nikampa Lennox yake.

"Ya baba ni gani?" akauliza.

"Figo haipewi mtu mkubwa."

"Akiwa mdogo ulimpa?"

"Alikuwa anaiba kabla nimpe."

Akacheka. Akauma kidogo, halafu akashika iliyobaki kwa mkono, akateremka kule kwenye majani chai. Mbwa akamfuata akilamba midomo. Nilimwita mbwa. Nilimwita kwa sauti ambayo hata mbwa mwenyewe alishangaa, akarudi akalala. Lennox alirudi mikono mitupu, akajipangusa kwa suruali.

Tukatoa zawadi. Mwalimu alimletea mke wangu leso, na mimi kofia ya sufu ya kufunika masikio, akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi, na safari hii nilijua kwa nini. Mke wangu akawavalisha watoto sweta. Ya Jackie ilimkaa. Ya Lennox mikono ilifika magotini, akaanza kutembea kama nyani na Jackie akaanguka kwa kucheka.

"Cucu, hii ni kubwa."

"Nimekufumia na ya mwaka kesho," mke wangu akamwambia. "Na ya mwaka kesho kutwa." Akaenda jikoni kuangalia kitu ambacho hakikuwa jikoni.

Sasa chakula. Tulikuwa mezani mimi, mke wangu, Mburu na watoto. Sikutazama kule jikoni. Nilikuwa nimejiahidi kutotazama. Halafu nikaona kivuli mlangoni, na ni Mwalimu, amesimama na sahani yake mikononi. Akaja. Akavuta kiti kilichokuwa mbele yangu, akakaa.

Mburu alifungua mdomo. Mke wangu alimkanyaga, nilisikia.

Mwalimu akaanza kula. Macho kwenye sahani, mabega yamekaza, anatafuna kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Jasho lilikuwa limemtoka hapa juu ya mdomo. Nikaelewa kwamba hii ndiyo zawadi yenyewe, ile kofia ilikuwa ya juu juu tu. Alikuwa amekuja kunipa kitu nilichokuwa nakipigia kelele miaka minane, na kinamuuma, na amekiweka mbele yangu kama sahani.

Nikamwacha ale vijiko vitatu, vinne, ili asione nimeikataa. Halafu nikasema mgongo wangu unataka moto. Nikachukua sahani yangu nikaenda jikoni. Nikaketi kwenye kile kigoda chake, mgongo kwenye mlango, na kuku.

Kigoda chenyewe ni kifupi. Magoti yanafika kidevuni. Moshi wa pale ni mbaya, unaingia machoni na hautoki.

Nilikaa hapo mpaka nikasikia mezani wanaanza kuongea. Kwanza mke wangu, halafu Mwalimu, halafu Mburu akasema upuzi fulani, na Mwalimu akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kinene, cha kwikwi, kama mtu anayepanda ngazi. Sikuwa nimewahi kukisikia. Ben alikuwa akiishi na kicheko hicho kila siku.

22 Desemba

Walilala kwetu, na asubuhi Maxwel alifika na pikapu, ameshapitia Chaka kupakia. Ni kijana mpole, anasalimia kila mtu mara mbili. Nilidhani nitaona mizigo ya safari. Kulikuwa na kitanda, godoro, makochi, sufuria zote, na ile meza Ben aliyoitengeneza mwenyewe ikiwa miguu juu. Nyuma kabisa, zimefungwa kwa kamba zake kwenye chuma, buti za Ben za mlimani. Zilikuwa zinachezacheza.

Lennox aliingia mbele, na sweta, na jua lote hili.

"Guka, na tutarudi Krismasi?"

"Si imeisha jana."

"Ile nyingine."

"Muulize dereva."

Akamwuliza. Maxwel akanitazama, akaanza kuangalia tairi.

Jackie nilimbeba mpaka kwenye gari. Nikamwambia, mke wangu unaniacha na nani? Akasema, "Na yule mwingine."

Mwalimu alienda peke yake kule chini kwenye kaburi, akarudi. Njia yetu ya kutoka kwenye chai ni nyembamba, ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama katikati. Aliponiona akaanza kuingia pembeni, kwenye majani, ili nipite. Nikaingia mimi kwanza. Niliingia mpaka kiunoni, na umande wote ukanimwagikia, suti na yote. Akasimama. Hakujua afanye nini. Halafu akapita, polepole, akiwa amenyooka, akasema, "Asante, baba."

Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Siku chache zilizopita lingekuwa matope, na pengine pikapu ingekwama.

23 Desemba

Wamefika. Mke wangu ndiye ameambiwa.

24 Desemba

Jua. Tumebaki na nyama nyingi ya Askofu. Hakuna wa kuila. Mke wangu ameitundika juu ya moto ikauke.

25 Desemba

Watu walienda kanisani. Mimi sikwenda, yangu nilishaisherehekea.

Lennox alipiga simu mchana. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi, ngoma, kuku, watoto wanaolia kwa raha.

"Guka, huku leo ni Krismasi."

"Ndiyo. Imefika huko sasa."

"Watu wote wanasema ni leo. Hata kwa redio. Ulinidanganya."

"Hao wamechelewa tu."

Hakucheka. Akasema, na sauti si ya kunishtaki, ni ya mtu anayeuliza njia, "Guka, kwa nini mlifanya ya uongo?"

Ningemwambia nini? Kwamba ile ya kweli niliipoteza kwa mdomo? Nikamwambia ile nyama ilikuwa ya kweli, na sweta ni ya kweli. Akasema sawa. Akasema huko wana babu anayeitwa kuka, na ana trakta, na hamchokozi mtu. Halafu akaitwa kula, akaenda na simu ikabaki wazi. Nilisikiliza watu nisiowajua wakila mpaka salio la mtu likaisha.

28 Desemba, Jumapili

Ng'ombe wa Mburu alizaa vibaya. Ndama alikuja mguu mmoja mbele na mwingine umekataa. Mburu ni mwoga wa damu, ingawa usimwambie. Niliingiza mkono mimi, tangu watu walipotoka kanisani mpaka jioni, nikaupata ule mguu. Ndama yuko hai, jike. Wajukuu wa Mburu wote wako kwake, wanane, wametoka Nairobi na Nakuru, walikuwa wamepanda kwenye ua kutazama, wakipiga kelele kama kwenye mpira. Mburu alinishika bega akasema, "Ngatia, hii ni deni. Sema chochote." Nikamwambia nitasema.

29 Desemba

Hakuna kitu.

30 Desemba

Mke wangu ameanza sweta nyingine. Nikamwuliza ni ya nani. Akavuta uzi. Hapa ni kimya hivi kwamba namsikia anapohesabu mistari, na ukiacha hiyo nasikia wale wanane wa Mburu, ng'ambo ya ua, tangu asubuhi.

Kesho nitaenda kwake nimwambie hivi, na naandika ili mdomo usibadilishe:

Mburu, ile deni ya ng'ombe. Maziwa sitaki. Niazime wajukuu wawili, mchana mmoja tu, waje kwangu. Wakimbie kwa boma, waite watu majina ya utani, wamalize hii nyama. Nitawarudisha jua likiwa bado juu. Na usinipe wale wapole.